Kaka Yangu Hakuitaka Serikali

Nilikuwa na miaka minane, kaka yangu kumi na miwili, mama alipotutoa mji wa Mahajanga na kutupeleka kisiwa cha Nosy Be kwa jamaa zake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya zile siku ambazo watu wa asili ya Komoro walitafutwa nyumba kwa nyumba na kuuawa. Sisi tulikuwa nusu. Baba alikuwa Mngazija aliyezaliwa Mahajanga, mtoto wa kuli wa bandarini. Mama alitoka katika zile familia za Waislamu wa pwani ambao ukiwauliza asili yao watakutajia visiwa vitatu na mabara mawili. Baba aliandikwa kwenye orodha katika kambi tulikokimbilia, akapandishwa meli, akapelekwa Ngazija, na kwenye karatasi iliandikwa kwamba anarudi kwao. Hakuwa amewahi kuikanyaga Ngazija. Alifia huko kabla hatujapata njia ya kumfuata. Barua iliyotuletea habari ilifika ikiwa imelowa, tukaisoma kwa kubahatisha.

Nyumbani tulizungumza Kimalagasi cha kwetu pwani. Baba alikuwa akihamia Kingazija akikasirika au akifurahi sana, na shuleni tulisoma kwa Kifaransa. Kiswahili nilichokijua utotoni kilikuwa maneno ya dua, ya biashara na ya bahari, basi. Nimekuja kukijua vizuri ukubwani, Unguja, nilikoolewa. Nakiandika hapa kwa sababu ndicho ninachoishi nacho sasa. Kaka yangu hakusema hata sentensi moja kati ya hizi kwa lugha hii.

Kaka alikuwa na akili kunishinda. Alipomaliza shule ya msingi alitakiwa kupeleka cheti cha uraia ili aendelee. Mama alikwenda ofisini mara nne. Mara ya kwanza alikosekana mtia saini, mara ya pili akaambiwa alete cheti cha baba, mara ya tatu akaulizwa baba mwenyewe yuko wapi. Mara ya nne alirudi na viatu mkononi kwa sababu kamba ilikatika njiani, akamwambia kaka, "Subiri mwakani." Mwakani kaka alikuwa baharini. Mimi zamu yangu ilipofika, utaratibu ulikuwa umebadilika, sikuulizwa chochote. Nikasoma mpaka nikawa mwalimu. Hakuwahi kunionea wivu, au kama aliona hakuonyesha. Alininunulia kalamu za wino.

Lakini neno serikali lilikuwa likimchafua uso. Kwa Kimalagasi ni *fanjakana*, na ni neno pana sana: ni ufalme, ni dola, ni ofisi ya kata, ni askari mmoja aliyefika kwa baiskeli. Kaka alikuwa akisema kwamba fanjakana ni mkono mrefu usio na mwili. Unafika mpaka chumbani kwako kukunyang'anya, lakini ukiudaka haushikiki.

Mama alikuwa akimjibu huku akichambua maua. Alikuwa kibarua katika shamba la milangilangi, na alfajiri alikuwa akichuma, jioni akileta harufu ile nyumbani mpaka wali wetu ukanukia manukato.

"Hiyo serikali unayoitukana ndiyo iliyoweka askari mlangoni pa kambi," alikuwa akisema. "Wangekosekana wale askari, nisingekuwa na watoto wa kunibishia."

"Ingekuja siku mbili mapema tusingehitaji kambi."

"Basi unaitaka kubwa zaidi, au huitaki kabisa?"

Kaka alikuwa akitoka nje hapo. Mama aliuliza swali hilo miaka mingi kabla mtu yeyote hajanilipa kuliuliza.

*

Kaka alianza kwa kuzama kwa pumzi zake mwenyewe, akitafuta pweza. Halafu, miaka ya tisini ilipoanza, wanunuzi wakaja kutafuta majongoo bahari. Sisi hatukuwa tunakula mdudu yule. Alikuwa analala mchangani kama soksi iliyosahauliwa, watoto wakimkanyaga. Ghafla akawa ndiye kazi ya mji. Kila uwanja ulikuwa na pipa la kuchemshia, kila paa la bati lilikuwa na majongoo yakikauka, na harufu yake iliingia hata msikitini.

Yale ya maji mafupi yaliisha upesi. Mwenye boti mmoja akaleta mitungi ya hewa na kompresa ya kuijazia. Kaka alikuwa wa kwanza kujifunza, kama mtu anavyoweza kujifunza jambo kama hilo kwa kuonyeshwa asubuhi moja: hapa unauma, hapa unafungua, hewa ikiwa nzito kuvuta panda juu. Alirudi siku ile ya kwanza uso unang'aa. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko akaniambia kwamba kule chini mtu hatafutwi na mtu.

"Hakuna hata sauti," alisema. "Yangu tu."

Sheria ya kukataza mitungi ilikuwepo kwenye maandishi, sisi hatukuwa tunaijua. Tuliijua siku afisa wa uvuvi alipokuja ufukweni. Alikuwa kijana kutoka nyanda za juu, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Watu wetu walijifanya hawakielewi Kimalagasi cha kwao huko juu, ilikuwa njia ya zamani ya kumchosha mgeni. Basi akaniomba mimi, mwalimu, nimsomee karatasi yake. Ilikuwa kwa Kifaransa, kurasa mbili. Nami nikaanza kuitafsiri kwa lugha ya pale.

Ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba majongoo wakubwa wa kina kirefu ndio wazazi, na kwamba wakiisha hao, hata wadogo wa juu hawatarudi. Kuzama kwa pumzi ruhusa. Kuzama kwa mitungi marufuku, na atakayekamatwa atanyang'anywa vifaa na kushtakiwa.

Kaka alisimama kabla sijageuza ukurasa.

"Nani kakutuma?" alimwuliza yule afisa.

"Serikali."

"Serikali ya wapi? Ile iliyoniomba karatasi nilipotaka kusoma? Ile iliyompa baba yangu karatasi akafie ugenini? Zahanati yetu haina hata spiriti ya kusafishia kidonda. Mwaka jana mama mmoja alijifungulia kwenye mtumbwi akivushwa kwenda kumtafuta mkunga. Serikali hatukuiona. Leo imepata pumzi za kushuka pima ishirini chini ya maji kunihesabia wadudu?"

Watu walicheka. Wengine wakapiga makofi.

"Jongoo hajapandwa na mtu," kaka aliendelea. "Hana shamba, hana hati. Huko ndiko mahali pekee palipobaki ambapo sijaombwa cheti. Mwambieni mkubwa wenu apunguze kidogo. Serikali ikipungua, sisi tutapumua."

Mkutano ukaishia hapo. Watu walianza kuinuka wakipangusa mchanga, wakirudia maneno yake. Nami nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi, nimevimba kwa fahari. Ukurasa wa pili niliuona. Niliupitia kwa macho, na maneno nayakumbuka: ulisema kwamba anayekaa chini sana na kupanda haraka huweza kupooza au kufa, kwamba hatari hiyo haionekani, na kwamba mtu akishapatwa hakuna tiba karibu. Niliuona nikadhani ni vitisho vya kiofisi vya kuipa nguvu amri. Sikuutafsiri. Nilimrudishia afisa karatasi zake.

Aliniuliza tukiwa tunapanda njia ya kwenda shuleni, "Mwalimu, wewe unakaa hapa. Ni akina nani wenye mitungi?"

"Sijui," nilimwambia.

Miwili ilikuwa nyuma ya jiko letu, imefunikwa gunia.

*

Mwaka uliofuata alikuja mwanamke kutoka mji mkuu akitafuta walimu wanaojua lugha za pwani. Alitaka tupite kwa watu tuwaulize maoni yao: wanaonaje sheria za bahari na za mikoko, na kiasi gani wanataka serikali ishughulike na maisha yao. Ilikuwa likizo, nikakubali. Alitufundisha siku mbili namna ya kuuliza bila kumsukuma mtu jibu. Swali moja lilikuwa hivi: *Je, unaona serikali inaingilia mambo mengi mno, au inafanya machache mno?* Visanduku viwili. Weka alama kimoja.

Nosy Be niliimaliza kwa wiki moja. Nilipopangiwa Mahajanga, kaka alikuwa anapaka boti rangi. Alisimamisha brashi.

"Utalala wapi?"

"Kwa mama mkubwa." Dada yake mama hakuwahi kuhama. Alikuwa ameolewa na Msakalava, kabila la wenyeji wa pale, naye zile siku alijifungia ndani.

"Mimi nisingekwenda hata kwa jeneza," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine: "Ukipita kwetu, usiingie. Angalia tu kama ule mlango wa buluu upo."

Nilipita. Mlango ulikuwa umepakwa kijani, na mwanamke aliyekuwa anaanua nguo alinisalimia kwa adabu, akaniuliza namtafuta nani. Nilimwambia nimepotea njia. Alinielekeza kituo cha posiposi, vile vigari vya kuvutwa na mtu, akanitembeza mpaka kona ili nisikosee tena. Nililia ndani ya kigari njia nzima, na yule mvutaji hakugeuka hata mara moja. Nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Kazi ilinisaidia. Boanamary, kwenye mdomo wa mto Betsiboka ambako maji ni mekundu kama chai ya maziwa, nilimhoji bibi aliyekuwa akivua kamba wadogo kwa chandarua. Chandarua kilikuwa kimekatazwa. Alikuwa amekikalia wakati wote wa mazungumzo, nami nilijifanya sikioni.

"Serikali inaingilia mengi mno, au inafanya machache mno?" nilimwuliza.

"Serikali ipi, mwanangu? Ya kwenye matope au ya kwenye kitanda?"

"Sijakufahamu, bibi."

"Ya kwenye matope inakuja kuninyang'anya wavu. Hiyo ipungue, hata leo. Ya kwenye kitanda ni ile ya kumzalisha mjukuu wangu. Hiyo haijaja. Hiyo ije, hata ikija kubwa kama tembo."

"Kuna visanduku viwili tu."

"Basi waambie wachore cha tatu."

Katsepy, ng'ambo ya ghuba, mtu aliyekuwa akichoma mkaa wa mikoko aliniambia kwamba sheria ya mikoko imetungwa na watu wanaopika kwa gesi. Aliitaka serikali iondoke kabisa. Nikamwekea alama. Nilipokuwa nafunga daftari akanishika mkono. "Na andika pia kwamba tunataka boti ya doria. Zile meli kubwa za kuvua kamba zinakuja mpaka mlangoni petu, zinakomba kila kitu."

"Doria ya nani?"

"Ya serikali. Ya nani tena?"

"Lakini umesema iondoke."

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mtoto mgumu wa kuelewa. "Iondoke kwangu," alisema. "Iende kwao."

Walikuwa hivyo karibu wote. Hawakuwa wanapingana na nafsi zao, ingawa kwenye fomu walionekana hivyo. Walikuwa wamekutana na serikali mahali pamoja tu, pale inapokataza, na kwa sehemu hiyo moja ya mwili wake walidhani wameijua yote. Mimi nilikuwa upande wao. Nilipopata jibu lenye utata niliweka alama kwenye *mengi mno*, kwa sababu ndilo jibu ambalo kaka yangu angelitoa, nami sikumjua mtu mwenye haki ya kulitoa kuliko yeye.

Nilikuwa bado Katsepy, nakula kwenye kibanda kimoja mchana, redio iko juu ya kabati. Kwetu matangazo ya familia hupita redioni: fulani amefariki, fulani anatakiwa arudi haraka. Mtangazaji akasoma kwamba mwalimu kutoka Nosy Be aliyeko Mahajanga kwa kazi ya kuuliza watu maswali anaombwa arudi nyumbani, kaka yake ni mgonjwa. Mwenye kibanda alinitazama, akatazama fomu zangu mezani, akaizima redio.

*

Pantoni ya siku ile ilikuwa imeshaondoka. Nilivuka kesho yake, na safari ya barabara ikanichukua siku mbili na nusu, kwa magari matatu na boti moja. Njia nzima nilijipa moyo kwa lile neno mgonjwa. Wangesema amefariki kama amefariki.

Wenzake walinisimulia. Alishuka mara tatu siku hiyo, mahali pa kina kuliko palipozoeleka, kwa sababu kwingine kote palikuwa pamebaki mchanga mtupu. Mara ya tatu hewa ilimwishia chini, akapanda kwa kasi. Aliingia botini mwenyewe. Alicheka, akasema kule chini majongoo ni makubwa kama mapaja ya mtu. Akaomba sigara. Aliivuta mpaka katikati, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, miguu yangu siisikii."

Wengine walisema ni jini wa maji. Daktari wa hospitali alituchorea kwenye bahasha: damu imejaa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu yameziba uti wa mgongo. Alisema ipo mashine, kama chumba cha chuma, ya kumrudisha mtu kwenye mgandamizo na kumpandisha polepole. Mama akauliza iko wapi.

"Ng'ambo," daktari alisema. "Na ilitakiwa siku ileile."

"Na serikali haina?"

Daktari alikunja ile bahasha akaitia mfukoni. "Serikali ni mimi, mama. Na hivi vitanda."

Tulimrudisha nyumbani. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mabega mapana, na kuanzia kiunoni hakuwa na habari na mwili wake. Mama aliacha kazi ya shamba. Tulimgeuza kila baada ya muda, huku na huku, mama akishika mabega na mimi miguu. Miguu yake ilikuwa mizito kwa namna ambayo sikuwahi kudhani miguu inaweza kuwa mizito. Binti aliyekuwa amemchumbia alikuja mara mbili na mama yake, mara ya tatu mama yake akaja peke yake, akaongea habari za mvua. Wazamiaji wenzake walikuwa wakija kila Ijumaa, halafu Ijumaa moja moja. Mwenye boti alileta gunia la mchele na akaulizia mitungi yake. Kaka akamwambia ilipo.

Siku moja alasiri, mama akiwa uani, aliniuliza, "Zile fomu zako ulizipeleka?"

"Bado. Zimebaki mbili tupu."

"Niulize mimi."

Nilidhani anatania. Nikaileta, nikakaa pembeni ya kitanda. Nikamwuliza umri, akataja. Nikamwuliza kazi. Akaitazama shuka ilivyofunika miguu yake.

"Andika mzamiaji."

Nikaandika. Tukaenda hivyo, swali moja moja, kwa utulivu kama watu wasiojuana. Tulipofika kwenye lile la visanduku viwili nilisoma nikanyamaza, kama nilivyofundishwa, bila kumsukuma.

Nje mama alikuwa anatia maji kwenye beseni.

"Yule kijana alisema vizuri siku ile," alisema kaka. "Mimi nilimwelewa hata kabla hujatafsiri. Alisema majongoo yataisha, na kweli yamekwisha. Lakini hakusema kwamba mimi nitaisha. Walikataza kwa ajili ya majongoo, mdogo wangu. Hakuna aliyekataza kwa ajili yangu."

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au ubinafsi, kushindwa kubeba peke yangu.

"Kulikuwa na ukurasa wa pili," nilimwambia.

Nilimweleza ulisema nini. Nilimweleza kwamba niliuona, kwamba watu walikuwa wanacheka, kwamba nilikuwa namwonea fahari. Sikumficha kitu. Alinisikiliza akiwa ameangalia dari, kwenye zile boriti ambazo yeye mwenyewe alizipandisha.

"Ningecheka," alisema.

"Nini?"

"Ungeusoma, ningecheka. Ningesema wanatutisha. Unanijua." Akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, mikono yake ilikuwa bado ina nguvu. "Ningecheka mbele ya watu wote, na wewe ungecheka nyuma yangu. Usijitese."

Nilipoinua macho mama alikuwa mlangoni, na beseni mikononi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Aliingia, akaweka beseni chini, akaanza kumwosha mgongo. Niliposogea kumshikia mabega kama kawaida yetu, aliniambia ninaweza kwenda kupumzika, ataweza mwenyewe. Vile visanduku niliviacha wazi. Kaka hakuniambia niweke alama wapi, nami sikumwuliza tena.

*

Alikufa miezi saba baada ya ajali. Mwishoni vilimmaliza vile vidonda vya kulalia, ambavyo hakuwahi kuvisikia. Homa ilimchukua kwa siku nne. Alikuwa na akili zake mpaka siku ya tatu, na alichoomba ni kusogezwa mahali ambapo hataisikia kompresa ya jirani. Walikuwa wameshaleta nyingine.

Afisa wa uvuvi alikuja matangani. Alikaa mwisho wa mkeka, shati lile lile la kupigwa pasi, watu hawakumpisha na hawakumfukuza. Nilimfuata alipokuwa anavaa viatu nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya. Nilijua mitungi iko wapi. Ilikuwa kwetu.

"Nilijua," alisema.

"Basi kwa nini hukuja kuichukua?"

Alifunga kamba za kiatu kwanza. "Ofisi yetu ni watu wawili, mwalimu. Boti tunayo, mashine yake imekufa tangu kabla sijahamishiwa hapa. Ningekuja kwa miguu, peke yangu, kumnyang'anya kaka yako mbele ya wale watu waliompigia makofi." Akasimama. "Nilitegemea ile karatasi."

Aliondoka akipita katikati ya majiko baridi ya kuchemshia majongoo. Ile serikali ambayo kaka yangu aliiogopa maisha yake yote, iliyojaa kila mahali, isiyoshikika, ilikuwa mtu yule na mtu mwenzake. Nilimtazama mpaka akapotea, nikashindwa hata kumchukia.

Mama alimaliza eda ya mwanawe aliyojiwekea mwenyewe, siku arubaini, hakutoka uani. Siku ya arubaini na moja alifunga nguo zake akaniambia anakwenda Mahajanga kuishi na dada yake. Mahajanga. Mji ambao kwa miaka karibu ishirini alikuwa akisikia jina lake anageuza mazungumzo.

"Mama, utaweza vipi kuishi kule?"

"Kule walionitendea siwajui sura," alisema.

Nilimsindikiza mpaka botini. Nilitaka aseme neno lolote baya, anitukane, anilaumu kwa jina langu. Aliniuliza kama nimefunga dirisha la jikoni.

Watoto wa mama mkubwa walijenga Amborovy, karibu na uwanja wa ndege, na wale wazee wawili wakahamia huko. Nilikuwa nikienda kila likizo. Mama alinipokea vizuri siku zote, alinipikia, alinitandikia. Alinizungumzisha habari za majirani na bei ya samaki. Hata nilipomletea mchumba wangu, mfanyabiashara wa Unguja, alimpokea kwa heshima zote. Lakini tulipokuwa wawili tu alikuwa akipata kazi ya kufanya uani. Mara moja nilimfuata, nikapiga magoti mbele yake pale alipokuwa anapepeta mchele, nikamwomba radhi. Aliendelea kupepeta. Akasema, "Aliyekuwa na haki ya kukusamehe alikusamehe, nilisikia kwa masikio yangu." Nikasubiri aendelee. Ndege ilikuwa inatua, mlio wake ukafunika ua mzima, na ulipokwisha alikuwa ameingia ndani na ungo wake.

Fomu, baada ya maziko ya kaka, nilizipeleka zote, pamoja na ya kwake. Yule mwanamke wa mji mkuu aliipitia palepale, akagonga vile visanduku vitupu kwa kalamu, akaniuliza kama huyu alikataa kujibu. Nilimwambia alijibu. Alisubiri nimwambie jibu. Nilishindwa kulisema kwa Kifaransa, akaiweka kando pamoja na zilizoharibika.

Mama alifariki nikiwa Unguja, mwaka wa tisa wa ndoa yangu. Nilifika siku ya pili baada ya maziko. Mama mkubwa alinikalisha kitandani mwake, akanishika mikono miwili, akanieleza siku za mwisho za mama zilivyokuwa: alikuwa akizungumza na watu waliotangulia, mmoja mmoja, alimwita baba kwa Kingazija, alimwita kaka amletee maji, aliwaita wazazi wake. Alinieleza taratibu, bila kuacha kitu. Sikumwuliza kama mimi pia alinitaja, naye hakusema.